Kifua cha Tumaini na Moto wa Bibi Yake

Nikiingia nyumba yoyote yenye mtoto aliyelala, nasimama kwanza mlangoni nisikilize. Wenzangu wananicheka. "Huyo Mama Tumaini," wanasema, "amekuja kukagua pumzi za watu." Wacheke tu. Mimi naandika kwa ajili ya yule ambaye hana nafasi ya kucheka, yule ambaye saa hii amempakata mwanawe na hajui kama kesho atakuwa naye.

Habari za mapafu na mishipa waulizeni madaktari, mimi sizijui. Nitasema niliyoyaona kwetu Kichiwa, na Njombe hospitalini, na Mahongole kwa dada yangu. Na sitaficha kwamba muda mwingi nilikuwa naogopa. Mtu akiniambia yeye aliuguza mtoto wa pumu bila hofu, nitamwambia hakuuguza, alipita njiani.

Kwetu mtoto akipata mdogo wake, anahamia kulala kwa bibi. Ndivyo tulivyolelewa sote. Petro alipozaliwa, Tumaini akakunja kishuka chake, akavuka ua akirukaruka, akaenda kwa mama mkwe wangu. Bibi wa watu alikuwa akimsubiri tangu siku alipoacha ziwa.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya chumba kimoja, haina dirisha, moto katikati, na juu ya moto dari la mianzi. Moto ule haukuwahi kuzimika. Siku alipoolewa alipewa makaa na mama mkwe wake, akayabeba kwenye kigae mpaka nyumbani kwake, na tangu hapo jioni huyafukia majivuni, asubuhi huyafukua na kuyapuliza. Alikuwa akituambia hivyo kila mara, hata tusipouliza. Mwanamke aliyeacha moto wake ufe alimwona mzembe kabisa.

Miaka ile bwana shamba wa serikali alipita vijijini akigawa miche ya pareto, nasi tukapanda kama wengine. Ni yale maua meupe yenye kiini cha manjano, yanayotengenezewa dawa ya kuua wadudu. Yanachumwa, yanaanikwa mpaka yakauke kau. Lakini Njombe kuna jua gani wakati wa ukungu? Ukiyaacha nje yanaoza. Basi yetu yalipanda darini kwa Bibi, juu ya moto, na nyumba nzima ikanuka pareto. Tulifurahi, maana viroboto waliotutafuna tangu enzi za mababu walikwisha wote. Bibi akawa anakusanya vumbi la maua lililodondoka, analichanganya na majani makavu ya godoro la mjukuu wake.

"Huyu hataumwa na kiroboto hata mmoja," alisema. "Alale kama mtoto wa DC."

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, wakati wa baridi kali, umande umeganda mweupe kwenye nyasi. Bibi aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaacha sufuria jikoni, nikakimbia. Nilimkuta Tumaini ameketi kando ya moto, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda mpaka masikioni, kama mzee aliyechoka na safari. Kifuani kulikuwa na filimbi. Kila akivuta hewa, pale chini ya koo palibonyea ndani, pakabaki shimo ambalo ungeweza kuingiza kidole. Midomo ilikuwa ya buluu. Alinitazama, na macho yake yaliniuliza kwa nini nimesimama tu.

"Funga mlango!" Bibi akanikaripia. "Baridi inamwingia!"

Nikafunga. Nani asingefunga? Bibi akachochea kuni, akamfunika mtoto blanketi, akamsogeza karibu zaidi na moto. Moshi ulijaa, tukakohoa sote. Mimi nilidhani kukohoa kwake ni kama kwetu. Mchana kifua kilifunguka kidogo, akalala kwenye mikeka uani, nami nikajifungia nyumbani kwangu nikalia mpaka nikachoka.

Tangu siku hiyo nikawa naishi roho juu. Nikiwa shambani, kuku akilia nadhani ni Bibi anaita. Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nasikiliza kifua. Baba Tumaini alikuwa akifanya kazi kwenye genge la barabara Makambako, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alipokuja akatukuta katikati ya shambulio, hakuvua hata koti. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka barabara kuu, mimi nyuma na Petro, tukasubiri lori la kwenda Njombe. Malori mawili yalipita yamejaa. Siwezi kuwaeleza nilivyoyaangalia yakienda.

Hospitali ya misheni ilikuwa na baraza ndefu yenye mabenchi, na mabenchi yale yalikuwa yameng'aa kwa kukaliwa na wagonjwa. Ukifika unakaa mwisho, unasogea kidogo kidogo. Kitu kimoja nitawaambia kuhusu kungoja: unaanza kutazama watoto wa wenzako. Huyu anapumua vizuri kuliko wangu, yule vibaya kuliko wangu. Ukimwona wa vibaya zaidi unapata nafuu, halafu unajichukia.

Mama mmoja aliyevaa rozari shingoni alisimama akatupisha mbele yake, yeye mwenyewe akiwa na jipu la mguu linalomtoa machozi. Akaniambia, "Usimlaze. Mkalishe hivyo hivyo, ainame mbele. Wa kwangu alikuwa hivi hivi."

"Sasa yuko wapi?" nikamuuliza, nikitarajia aniambie yuko shule.

Akashika rozari yake. "Wewe mkalishe tu, mwenzangu."

Sikumuuliza tena. Nikamkalisha mwanangu ainame mbele.

Walimchoma sindano. Moyo wake ulienda mbio hata nikauona unavyopiga chini ya ngozi, mikono ikatetemeka, nikapiga kelele kwamba wamemuua. Sista akaniambia ninyamaze. Kisha, jamani, mabega yakashuka. Taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo. Tumaini akasema, "Mama, nataka uji." Nimekula vyakula vingi vya sherehe maishani, lakini sijaona raha kama ya kumwona mtoto yule akinywa uji wa hospitali usio na sukari.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye macho ya mtu asiyelala, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi. "Hii pumu. Moshi mbaya. Vumbi mbaya. Baridi mbaya." Akatupa vidonge vidogo vichungu vya kumpa kifua kikibana.

Tukarudi nyumbani tukakaa kikao, mimi, mume wangu na mama mkwe. Tulikuwa tumeambiwa mambo matatu, na kwa baridi ile ya kwetu mambo yenyewe yaligombana. Ukikimbia moshi unaangukia kwenye baridi. Ukikimbia baridi unarudi kwenye moto. Huyo daktari alitaka tukaishi wapi? Tukachagua kuogopa baridi, kwa sababu baridi tuliijua, imeshazika watu. Vumbi tukasema ni la barabarani, basi mtoto asitoke nje kiangazi. Kwa hiyo tulimfungia ndani zaidi, karibu na moto zaidi, chini ya dari. Na tulifanya hivyo kwa mapenzi yote. Bibi alitafuta hata matambara akaziba nyufa za mlango.

Mwili wa mwanangu ulibadilika mbele ya macho yangu. Mbavu zikatokeza, kifua kikasimama mbele, mabega yakazoea kukaa juu hata siku anapojisikia vizuri. Zamani alikuwa msemaji, anakusimulia habari ya kuku mmoja mpaka unamwomba akome. Sasa alisema neno moja moja. Maji. Mama. Njoo. Watoto wenzake walipokimbilia kwenye mabua ya mahindi, yeye alikaa kwenye kizingiti akiwatazama, na alikuwa hata haniombi ruhusa ya kwenda. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Msimu wa kuchuma pareto uliofuata, dada yangu Agnesi alituma salamu kutoka Mahongole, pale karibu na Makambako alikoolewa. Alisema, nileteeni huyo mtoto nimwone. Nikaenda naye. Kule ni chini kidogo, kuna joto na ukavu kuliko kwetu, na Agnesi alikuwa akipikia nje, kwenye kibanda chenye ukuta upande mmoja tu. Siku za kwanza nililala na vidonge mkononi. Halafu nikaona sivitumii. Tumaini alikula, akanenepa mashavu, akaanza tena kusimulia habari za kuku. Kuku wa Agnesi safari hii, wenye visa vipya.

Nikarudi Kichiwa nikiimba. Bibi alimpokea mjukuu wake kwa vigelegele, akalala naye. Kulipokucha kifua kilikuwa kimebana kuliko hata siku ile ya kwanza.

Tukaenda tena Mahongole, akapona. Tukarudi tena, akaugua. Nilikuwa shambani nachuma pareto na jirani yangu, Mama Zakaria, yeye akasema bila kuinua kichwa:

"Mwenzangu, hujajiuliza? Kwa dada yako anapona. Kwa yule mama anaumwa."

"Unataka kusema nini?"

"Mimi sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Sisemi. Ila yule mama alizaa watano, na aliye hai ni mumeo peke yake."

Mungu wangu. Maua yakanimwagika. Nilimtukana Mama Zakaria matusi ambayo mke wa Mlutheri hapaswi kuyajua. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Jioni nilimtazama mama mkwe akimlisha mwanangu ugali, anaupuliza kwanza upoe, na nikaona mdomo wake tu. Anampuliza nini? Anavuta nini? Nikajiambia wewe umesoma, umebatizwa, acha upuuzi. Nikajiambia pia kwamba waliosoma na kubatizwa wanazika watoto.

Sitaomba radhi kwa hofu ile. Mtoto wako akiwa anakufa kwa vipande, unamshuku kila mtu aliye karibu naye.

Baba Tumaini alipokuja nikamwambia namhamishia mtoto Mahongole moja kwa moja. Alikuwa ameshayasikia maneno ya watu.

"Yule ni mama yangu," akasema.

"Na huyu ni mwanangu."

"Ni wangu pia!" Akapiga meza kofi mpaka Petro akaamka akilia. Hatukuwahi kupandishiana sauti namna ile. Kisha akakaa akashika kichwa. "Mpeleke," akasema. "Lakini usimwambie mama sababu."

Asubuhi Bibi alitukuta tumefunga mizigo. "Kamwene," akatusalimu. Tukaitikia. "Mbona mnamchukua?"

"Hali ya hewa, Mama," nikasema. "Kule kuna joto."

Alinitazama usoni. Si mjinga yule. Alikuwa ameshaona wanawake wanavyonyamaza anapofika kisimani, na watoto wanavyoitwa na mama zao akipita. "Hali ya hewa," akarudia. Akamvalisha Tumaini kofia ya sufu, akamfunga vifungo vya koti, akarudi ndani kwake bila kutusindikiza.

Tulikaa Mahongole mpaka mvua zikaanza na zikaisha. Tumaini alipata mafua kama watoto wote, kifua kikapiga filimbi kidogo, kidonge kimoja kikatosha. Nami bado nilikuwa naogopa, lakini sasa nilimwogopa mtu. Nilimwota. Nikiona mwanamke mzee anakuja njiani amejitanda shuka, natoka jasho.

Na siku moja alikuja kweli. Alishuka kwenye lori Makambako, akatembea mpaka Mahongole akiwa na gunia kichwani. Nilipomwona pale kwenye miti ya uani, hamu yangu ya kwanza ilikuwa kumrudisha.

"Mkaribishe mama wa watu, wewe!" Agnesi akaninong'oneza kwa ukali, akatangulia kumtua mzigo.

Gunia lilikuwa godoro jipya la Tumaini. "Nimelishona mwenyewe," Bibi akasema. "Nilijua huku atakuwa anatafunwa na viroboto."

Siku nzima walikaa uani. Tumaini alimkalia Bibi mapajani, akamwonyesha kila kuku na jina lake. Bibi alimsuka nywele, akamlisha viazi, akampuliza jicho lilipoingia taka. Mimi nilijifanya nachambua maharage, na sikuchambua hata punje moja. Nilikuwa nikingoja. Kila akicheka nilidhani kikohozi kinafuata. Hakikufuata. Usiku ule nililala na mtoto mwenyewe kwenye mkeka wangu, nikasema mgeni amechoka.

Kesho yake mchana Agnesi alimchukua Bibi kwenda sokoni Makambako kununua chumvi. Nikabaki na watoto. Tumaini akasinzia, akaniomba alale kwenye godoro la Bibi. Nikasema haya, maana mwenye godoro hayupo. Nikalitandika chumbani, akajitupa juu yake kwa furaha, akagaagaa kama ndama. Nikatoka kwenda kuanua nguo.

Kwanza nikasikia anapiga chafya. Halafu kikohozi. Nguo zikanidondoka.

Nilipoingia alikuwa ameshakaa, mikono magotini, mabega masikioni. Nikapiga magoti juu ya godoro nimnyanyue, na hapo pua yangu ikawasha, macho yakajaa machozi, nikapiga chafya mimi mwenyewe, tena na tena. Niliujua mwasho ule. Ni ule ule wa siku ya kushusha pareto darini na kuijaza kwenye magunia, siku ambayo kijiji kizima kinapiga chafya na kucheka. Nikalikandamiza godoro kwa mkono, likatoa vumbi la manjano.

Na Bibi yuko Makambako, nikawaza. Bibi ananunua chumvi Makambako.

Sikuwa na muda wa kuwaza zaidi. Nikamtoa nje, nikampa kidonge, hakikufanya kitu. Nikampa kingine. Filimbi iliongezeka, ikapanda, kisha ikaanza kupungua, nikasema asante Mungu. Nikaweka sikio kifuani. Palikuwa kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini ndani hakuna sauti, hakuna filimbi, hakuna hewa inayopita. Macho yake yalianza kupinduka. Ndugu msomaji, filimbi inatisha, lakini omba usisikie kimya kile.

Agnesi na Bibi waliingia uani wakati huo. Bibi alitupa kikapu, chumvi ikamwagika. Alikuja mikono mbele, kisha akasimama ghafla hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa hajui kama nitamruhusu amguse. Tuliangaliana. Petro alikuwa akilia, Agnesi akamnyakua. Na mtu wa kukimbilia kambi ya barabara kumwita Baba Tumaini na lori alikuwa ni mimi, maana ndimi niliyeijua njia.

"Mshike, Mama," nikasema. Nikamwekea mtoto mikononi. "Mkalishe ainame mbele. Usimwingize ndani."

Nikakimbia. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba sikugeuka nyuma.

Lori la kambi lilitubeba mpaka Njombe, dereva akipiga honi bila kukoma. Bibi hakumwachilia mtoto. Alimkalisha mapajani, ameinama mbele, na njia nzima alimsemesha Kibena sikioni, majina ya ng'ombe aliowahi kufuga. Mpaka leo Tumaini anayajua. Hospitalini Sista alinikumbuka, hatukukaa benchini hata dakika. Sindano ya kwanza haikumfungua. Ya pili, filimbi ikarudi, na safari hii niliifurahia kama wimbo wa Krismasi. Jua lilipozama mabega yakashuka.

Tuliketi barazani, mimi na mama mkwe wangu, kwenye mabenchi yale yale.

"Kwenye godoro uliweka nini, Mama?"

"Majani. Na pareto, ya viroboto." Niliona linavyomfikia taratibu. Dari. Vumbi. Godoro la kwanza. Misimu yote ile. "Basi ni mimi," akasema.

"Ni pareto, Mama."

"Niliiweka mimi kwa mkono wangu."

"Na mimi niliichuma kwa wangu. Na mwanao aliijengea dari. Na mlango niliufunga mimi."

Alilia kwa kilio cha wazee, bila sauti, mabega tu. Nikamshika. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumshika mama mkwe wangu.

Yeye alirudi Kichiwa, sisi tukarudi Mahongole. Yaliyofuata nilisimuliwa na Baba Tumaini. Bibi aliagiza dari libomolewe. Magodoro yote akayachoma mbali, upande unaokwenda upepo. Akataka dirisha, naye mwanawe akatoboa ukuta, akamjengea kibanda cha kupikia uani kama cha Agnesi, na pareto yetu ikapelekwa kukaushwa kwa watu wasio na watoto wadogo. Mwisho akachota maji kwenye ndoo, akasimama mbele ya ule moto aliopewa na mama mkwe wake. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, Mama Zakaria akiwa mbele.

"Bibi, utakufa kwa baridi," mmoja akamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Nanyi mtapata la kusema." Akamwaga ndoo yote.

Kwa yule anayeuguza sasa, haya ndiyo niliyo nayo. Angalia mtoto analala juu ya nini na chini ya nini. Usimfungie na moshi kwa kukimbia baridi, mvalishe nguo ufungue dirisha. Vidonge viwe mahali pamoja ambapo kila mtu nyumbani anapajua, na kifua kikinyamaza wakati mtoto bado anahangaika, usingoje, kimbia. Na kabla hujamtafuta mtu wa kumlaumu, chunguza nyumba kwanza. Pumu yenyewe haijaondoka. Mwaka huu imemshika mara kadhaa, nami hofu yangu iko pale pale, tumezoeana tu.

Tulirudi Kichiwa wakati wa baridi uliofuata, kwa sababu Tumaini alimlilia bibi yake mpaka akanishinda. Jioni akavuka ua na kishuka chake. Nilimvalisha sweta mbili, nikaweka vidonge mkononi mwa Bibi, nikarudi kwangu. Sikulala. Nilijizuia nisiende kusimama dirishani kwao, maana niliona nikienda nitakuwa nimemwambia Bibi kwamba bado simwamini.

Kulipopambazuka nilitoka bila viatu. Umande ulikuwa umeganda mweupe ua mzima. Nikasukuma mlango. Ndani kulikuwa na baridi ile ile ya nje, pale katikati mawe matatu meusi hayana hata majivu, na Bibi ameketi amemkumbatia mjukuu wake ndani ya blanketi zote alizokuwa nazo. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki na kaniki tu, midomo inamtetemeka.

"Umesikia nini usiku?" nikamuuliza.

"Sijalala," akasema. "Nimesikiliza mpaka sasa. Sijasikia kitu."

Nilikijua kimya. Nikapiga magoti, nikafunua blanketi, nikaweka sikio kifuani kwa mwanangu, na kabla sijasikia lolote, kichwa kikainuka.

"Mama, sikio lako lina baridi," Tumaini akasema, "halafu Bibi ameniambia leo tutakwenda kuangalia yule kuku mweusi wa Mama Zakaria kama amekwisha kutotoa, na kama ametotoa ataniombea kifaranga kimoja, na nimeshampa jina."

Aliyasema yote kwa pumzi moja.